Treni haina usukani

Treni ya umeme imetoka Dar es Salaam, inakwenda Dodoma kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Haijapunguza mwendo, wala breki hazijaguswa. Ni sehemu gani ya treni hiyohiyo, kwa sekunde hiyohiyo, inayokwenda Dar es Salaam?

Wengi huanza na abiria anayetoka behewa la mbele kwenda la nyuma kununua soda. Huyo hapana. Anatembea kilomita 5 kwa saa kurudi nyuma, lakini behewa linambeba mbele kwa 160, kwa hiyo bado anakwenda Dodoma kwa kasi ya 155. Mwingine atasema moshi, na treni hii haina moshi. Jibu liko chini kabisa, kwenye gurudumu.

Gurudumu likiviringika bila kuteleza, kile kipande kinachogusa reli kimesimama. Ni kama unyayo wa mtu anayetembea: mwili unasonga, lakini mguu uliokanyaga umetulia mahali pamoja mpaka unyanyuliwe. Kitovu cha gurudumu kinakwenda 160, sehemu ya juu kabisa inakwenda 320, sehemu inayogusa reli inakwenda sifuri. Ukishuka chini zaidi ya hapo, hesabu inavuka sifuri na kuingia upande wa pili. Na gurudumu la treni, tofauti na la baiskeli, lina kitu kilichoshuka chini zaidi ya hapo: ule ukingo wa chuma upande wa ndani, unaoning'inia chini ya uso wa reli. Tuseme nusu kipenyo cha gurudumu ni milimita 450 na ukingo umeshuka milimita 27. Hiyo ni asilimia 6. Basi ncha ya chini ya ukingo inarudi Dar es Salaam kwa asilimia 6 ya kasi ya treni, yaani kilomita 9.6 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole asubuhi. Na kila gurudumu linafanya hivyo, safari nzima.

Nimeanza na ukingo kwa sababu ndio unaobeba lawama na sifa zisizo zake. Muulize mtu yeyote treni inapindaje kona wakati dereva hana usukani, atakwambia ukingo ndio unaoizuia isitoke nje ya reli. Ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Kwenye njia iliyonyooka na kwenye kona za wastani, ukingo hautakiwi kugusa reli kabisa. Ukiusikia ukigusa utaujua: ni ule mlio mkali wa chuma kusaga chuma unaowafanya abiria wakunje uso. Treni inayopinda kwa ukingo peke yake ni treni inayojila magurudumu.

Basi inapinda kwa kutumia kitu gani hasa?

Siku moja niliwatupia fumbo hili mafundi wa gereji mtaani kwetu. Walicheka, wakasema jibu ni difu. Gari likipinda kulia, gurudumu la kushoto lina njia ndefu zaidi ya kupita kuliko la kulia, kwa hiyo haliwezi kuzunguka sawa na mwenzake. Difu ndiyo inayoruhusu moja liwahi na jingine lichelewe. Difu ikijifunga, gari linaburuta tairi kwenye kona. Wako sahihi kabisa kuhusu magari. Nikawaambia treni haina difu. Magurudumu yake mawili yameshikizwa kwenye ekseli moja kwa nguvu, na likizunguka moja, jingine linazunguka vilevile, kwa idadi ileile. Kimya. Kisha mmoja akasema, "Basi lazima liteleze." Halitelezi.

Kabla ya jibu, tupime kwanza ukubwa wa tatizo, maana ndani yake mna fumbo jingine dogo. Chukua ile reli yetu ya zamani, ambayo upana wake kutoka reli hadi reli ni mita 1 kamili. Njia inapinda robo ya duara, mathalani ilikuwa ikielekea kaskazini sasa inaelekea magharibi. Reli ya nje inaizidi ya ndani kwa urefu gani? Fikiria kona mbili: moja kali inayozunguka kilima kimoja, nyingine pana inayochukua kilomita kadhaa. Wengi huapa kwamba tofauti ni kubwa kwenye moja kati ya hizo, ila hawakubaliani ni ipi. Tofauti ni ileile kwenye zote mbili: mita 1.57. Urefu wa robo duara ni nusu ya pai mara nusu kipenyo, na nusu kipenyo cha reli ya nje kinazidi cha ndani kwa mita 1 tu, hata kona iwe pana kiasi gani. Njia ikigeuka kabisa na kurudi ilikotoka, tofauti inakuwa mita 3.14. Aliyechagua upana wa mita moja alitupa pai bure.

Kwa hiyo gurudumu la nje lina deni la mita 1.57 la kulipa, na limefungwa kwenye ekseli moja na la ndani. Linalilipa kwa umbo. Ukilitazama gurudumu la treni kwa makini utaona uso wake hauko bapa. Umelala kidogo, mnene upande wa ndani karibu na ukingo, mwembamba upande wa nje, kama kipande kilichokatwa kwenye pia, lile umbo la faneli. Kipimo cha miaka mingi kilikuwa mteremko wa 1 kwa 20: ukienda milimita 20 kuelekea nje, nusu kipenyo kinapungua milimita 1. Mtu anaweza kusafiri Reli ya Kati mara hamsini asilione hilo.

Treni ikiingia kwenye kona, ekseli yote inasukumwa kidogo kuelekea nje. Gurudumu la nje sasa linakanyaga reli kwa sehemu yake nene, la ndani kwa sehemu yake nyembamba. Yanazunguka idadi ileile, lakini moja limekuwa kubwa na jingine dogo, basi la nje linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko. Kona ikiisha ekseli inajirudisha katikati yenyewe, kwa sababu upande wowote inaoegemea, gurudumu la upande huo linakuwa kubwa, linawahi, na kuigeuza ekseli irudi.

Usiniamini, jaribu nyumbani. Chukua vikombe viwili vya plastiki vya aina moja, vile vyenye mdomo mpana na kitako chembamba. Viunganishe mdomo kwa mdomo kwa gundi ya karatasi, upate kitu kinene katikati na chembamba pembeni. Weka fito mbili zilizolala sambamba, ziinamishe kidogo, kisha viviringishe vikombe juu yake. Hata ukiviweka vibaya vitajinyoosha na kufika chini. Sasa viunganishe kitako kwa kitako, viwe vinene pembeni na vyembamba katikati. Havifiki mbali, vinaanguka. Watoto wa miaka minane hulielewa jaribio hili haraka kuliko wahandisi wa magari.

Ekseli inahitaji kusogea kiasi gani? Hapa ndipo hesabu inaponifurahisha. Kwa reli ya upana wa kisasa, gurudumu letu la milimita 450 na mteremko wa 1 kwa 20, kona yenye nusu kipenyo cha mita 1,000 inadai ekseli isogee takriban milimita 7. Upana wa kidole kidogo haufiki. Lakini kona ikiwa kali, ya mita 250, inadai milimita 27, na nafasi hiyo haipo. Ukingo unagonga reli kabla ya kufika huko, na mlio unaanza. Ndiyo maana njia ya zamani ya kupanda Bonde la Ufa, yenye kona nyingi kali, ilikuwa na muziki wake, na ndiyo maana reli mpya zinapendelea madaraja marefu na mahandaki kuliko kuzungukazunguka vilima. Wajenzi wanalipa saruji nyingi ili kuokoa milimita hizo.

Kumbe basi kati ya ukingo na reli lazima iachwe nafasi. Aliyelijua hilo mapema kwa vitendo alikuwa George Stephenson, fundi wa migodi ya makaa kaskazini mwa Uingereza. Njia za mgodi wa Killingworth alikofanyia kazi zilikuwa na upana wa futi 4 na inchi 8. Alipojenga reli ya Liverpool hadi Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1830, upana uliongezwa nusu inchi ili magurudumu yasikwame kwenye kona. Nusu inchi ni milimita 12.7. Jumla ikawa milimita 1,435, upana ambao leo umeenea duniani kote na ndio upana wa SGR ya Kenya na ya Tanzania. Watu wakitamka "standadi geji" kwa heshima, wanataja upana wa njia za mikokoteni ya makaa, pamoja na nafasi ya kupumulia.

Hapa lazima niiguse ile hadithi inayosambazwa kila mwaka, kwamba milimita 1,435 zinatokana na upana wa makalio ya farasi wawili wa vita wa Warumi, na kwamba serikali baada ya serikali ilirithi kipimo hicho kwa miaka 2,000. Ni hadithi tamu. Chembe ya ukweli iliyomo ni kwamba mikokoteni inayovutwa na wanyama hupata upana unaokaribiana popote duniani, kwa sababu wanyama wenyewe wana ukubwa unaokaribiana. Lakini hakukuwa na urithi uliopokezwa mkono kwa mkono. Migodi ya Uingereza ilikuwa na upana wa kila namna, na wa Stephenson ulishinda kwa sababu Stephenson ndiye aliyepata kandarasi nyingi.

Na nusura asishinde. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi wa reli ya Great Western, aliona upana huo ni wa mikokoteni kweli, akajenga wa kwake wa futi 7 na robo inchi, karibu mita 2.14. Treni zake zilikwenda kasi na kwa utulivu kuliko za wenzake. Tatizo lilikuwa pale njia mbili zilipokutana, kama mjini Gloucester, ambako mizigo ilishushwa kipande kwa kipande kutoka behewa la upana mmoja na kupakiwa kwenye la upana mwingine. Bunge lilitunga sheria mwaka 1846 ikiupa upana wa Stephenson nafasi ya kwanza. Njia za mwisho za Brunel zilibadilishwa Mei 1892, kwa mwisho wa juma mmoja, na wafanyakazi zaidi ya 4,000. Mwenye hoja nzuri zaidi ya kiufundi alishindwa na mwenye njia ndefu zaidi.

Turudi kwenye umbo la pia, kwa sababu lina ubaya wake. Ekseli inayojirudisha katikati haisimami katikati. Inapitiliza, inaegemea upande wa pili, inarudishwa, inapitiliza tena. Treni inakwenda mwendo wa nyoka hata kwenye njia iliyonyooka kama rula. Mwaka 1883 mhandisi Mjerumani aitwaye Klingel alionyesha kwamba urefu wa wimbi hilo hautegemei kasi hata kidogo, bali ukubwa wa gurudumu, upana wa reli na mteremko wa pia. Kwa vipimo vyetu ni takriban mita 16. Treni ikienda kilomita 40 kwa saa, wimbi moja linachukua zaidi ya sekunde, na abiria anabembea akisinzia. Ikienda 160, mawimbi yanakaribia matatu kila sekunde, na hapo usingizi hauji. Zaidi ya hapo mtikisiko unaweza kujilisha wenyewe mpaka ukingo ukapiga reli huku na huku na treni ikaanguka.

Japani ilipoamua kujenga Shinkansen, wahandisi wengi wa reli waliamini mtikisiko huo unatokana na njia isiyonyooka vizuri. Aliyewapinga alikuwa Tadashi Matsudaira, ambaye wakati wa vita alishughulikia ndege, hasa ule mpapatiko wa mabawa unaoweza kuivunja ndege angani. Alitambua kwamba ni ugonjwa uleule: mtetemo unaojichochea wenyewe kasi ikivuka kiwango fulani, hata njia iwe imenyooka namna gani. Dawa ilikuwa kulaza pia zaidi, kutoka 1 kwa 20 hadi 1 kwa 40, pamoja na springi na vifyonza mtikisiko vilivyopimwa kwa hesabu. Oktoba 1964 treni ilianza kukimbia kilomita 210 kwa saa. Umbo la pia lililolala zaidi linarefusha wimbi, lakini kwa gharama: ekseli inahitaji nafasi kubwa zaidi kwenye kona. Kwa hiyo Shinkansen ikajengewa kona za kilomita kadhaa. Hupati kimoja bila kukilipia kingine.

Milimita zinaisumbua reli hata treni isipopita. Chukua reli moja ya urefu wa kilomita 1, ifunge ncha zote mbili zisisogee. Jua limewaka, reli imeongezeka urefu kwa sentimita 20 tu. Haina pa kwenda, basi tuseme inavunjika katikati na kunyanyuka kama paa la nyumba. Kilele kitakuwa juu kiasi gani? Watu husema sentimita 10, wajanja husema nusu mita. Jibu ni mita 10, jengo la ghorofa tatu. Chora pembetatu: kitako mita 500, upande mrefu mita 500.1, halafu tumia kanuni ya Pythagoras uliyoikimbia shuleni.

Chuma cha reli hutanuka karibu milimita 12 kwa kila kilomita, kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo hizo sentimita 20 zinahitaji nyuzi 17 tu, tofauti ya alfajiri na saa nane mchana. Zamani ziliachwa nafasi kati ya vipande, na ule mdundo wa ta-ta, ta-ta wa gari la moshi ulikuwa sauti ya magurudumu kuruka nafasi hizo. Reli za sasa zimeunganishwa kwa kuchomelewa kwa kilomita nyingi, na bado hazinyanyuki. Zimebanwa kwenye mataruma mazito, mataruma yamezikwa kwenye kokoto, na reli inalazimishwa kubaki na urefu wake. Nguvu inayojikusanya ndani ya reli nzito ya kisasa ni kama tani 1.8 kwa kila nyuzi. Ikipanda nyuzi 20, ni tani 35 hivi kwenye kila reli, na, jambo ambalo hata mimi lilinichukua muda kulikubali, ni tani hizohizo iwe reli ina urefu wa mita 10 au kilomita 100. Mafundi huifunga ikiwa kwenye joto la kati, ili mchana isibanwe mno na usiku isivutwe mno. Kokoto zikipungua pembeni mwa mataruma, reli hujikunja ubavuni kama nyoka.

Fumbo la mwisho liko hapahapa kwetu. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901, ilijengwa kwa upana wa mita 1, upana uliotumika sana India, walikotoka maelfu ya vibarua wake. Wajerumani walioanzia Tanga, kisha Dar es Salaam hadi Kigoma, nao wakachagua mita 1. Kwa sababu hiyo Waingereza walipojenga njia ya kutoka Voi, kwenye reli yao, kuelekea Kahe, kwenye ile ya Wajerumani ya kutoka Tanga, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, njia za mahasimu wawili ziliungana bila kubadilisha hata gurudumu. Kisha ikaja TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976. Hiyo ilipaswa kuungana na reli za kusini mwa Afrika, ambazo upana wake ni milimita 1,067. Tofauti na reli ya mita ni milimita 67, upana wa vidole vinne.

Kwa nini basi wasilaze reli ya tatu pembeni, treni za aina zote mbili zipite? Vietnam wana njia za namna hiyo, za upana wa 1,435 na 1,000 kwa pamoja, na hakuna tabu. Ndiyo, lakini tofauti ya hizo ni milimita 435. Kichwa cha reli peke yake kina upana unaokaribia milimita 67, na kitako chake kinazidi 100. Ukizilaza mbili kwa kutofautiana milimita 67, vitako vinapandana, vichwa vinagusana, na ukingo wa gurudumu hauna pa kupita. Ingebidi reli nne, na kila makutano ya njia yangekuwa kichaka cha vyuma. Kama tofauti ingekuwa kubwa mara sita, kazi ingekuwa nyepesi.

Kwa hiyo Kidatu, mahali reli hizo mbili zinapokutana, kontena linafika kwenye behewa la upana mmoja, linanyanyuliwa, linahamishwa hatua chache, na kushushwa kwenye behewa la upana mwingine.